Kirai Hakina Uzi

Kwaap! Kisha kimya cha nusu pumzi, kisha kwaap! nyingine, na vioo vya madirisha vinaitikia kwa kutetemeka. Mgeni anayekuja kiwandani kwetu huisikia sauti hiyo angali kwenye ngazi, na wengi hushika ukuta. Akifika juu ndipo ananiona: nimesimama nyuma ya kisu cha kukatia karatasi, kipana kama mlango, mbele yangu rundo la karatasi mia tano. Nalisawazisha kwa viganja, nalibana, nabonyeza vitufe viwili kwa mikono miwili ili kisu kisinichukulie kidole. Kwaap! Kingo zinatoka zimenyooka hata rula ikija kupima inajiaibisha yenyewe.

Kazi hiyo nimeifanya miaka minne, na katika miaka hiyo minne nimejifundisha kutunga mashairi. Hakuna aliyenishika mkono. Tulipochapa vitabu vya mashairi niliokota kurasa zilizomwagikiwa wino, nikazisoma, nikahesabu mizani kwa vidole: nane huku, nane kule, kina cha kati, kina cha mwisho. Siku nilipoona kwamba mshororo unakatika katikati sawasawa, kama karatasi, nilijua huo ni ufundi wangu. Nikaanza kughani kila mashine zilipopumzika. Wenzangu wakaniita Malenga wa Kisu. Walikusudia kunicheka. Mimi nikalivaa jina hilo kama koti jipya.

Mwishoni mwa ukumbi wetu kuna chumba cha vioo. Humo alikaa Mwalimu, mzee mwembamba aliyeacha kufundisha zamani akaja kusoma kila ukurasa wetu kabla haujachapwa, kalamu nyekundu mkononi. Mwanzoni mwa mwezi alisema anastaafu. Meneja, mama mwenye sauti ya chini ambayo hata hivyo mashine zote huisikia, akatutangazia kwamba kabla hajatafuta mtu wa nje, yeyote wa ndani anaruhusiwa kufanya mtihani wa kukikalia kiti hicho. Watu wakatazama viatu vyao. Mimi nikanyoosha mkono.

Mtihani ulikuwa ukurasa mmoja wa sentensi za Kiingereza. Piga mstari mmoja chini ya kila kirai, mistari miwili chini ya kila kishazi. Mwalimu alinieleza sababu: tunachapa vitabu vya Kiingereza vya shule, na msomaji asiyejua kundi gani la maneno linasimama peke yake na lipi haliwezi, hatajua nukta ikae wapi wala mkato ukae wapi, na watoto elfu kumi watajifunza kosa lake.

Kiingereza nilikielewa. Nilikisoma na kukisema bila kugugumia. Lakini kirai na kishazi nilivijua kama majirani ambao hujawahi kuingia kwao: majina unayasikia, sura unazipita. Nikawaza haraka. Sentensi moja, vipande viwili, majina mawili. Kumbe ni mshororo tu! Kipande cha kwanza kirai, cha pili kishazi. Nikahesabu silabi, nikatafuta katikati, nikakata. Sentensi ya nne ilisema “The man who repairs our roof arrived when the rain stopped,” yaani mtu anayetengeneza paa letu alifika mvua ilipokatika. Nikamkata mtu wa watu nikamwacha upande mmoja wa kisu, na kufika kwake kukabaki upande wa pili. Nilimaliza kwa dakika sita, nikatoka napiga mluzi.

Mwalimu alileta majibu mwenyewe, akayaweka juu ya meza ya kisu mbele ya watu. Alama mbili kati ya ishirini.

“Umekata vizuri sana, Malenga,” alisema. “Tangu nizaliwe sijaona makosa yaliyonyooka namna hii.”

Ukumbi mzima ulicheka. Mtu wa mashine ya rangi alicheka mpaka akakaa chini. Masikio yangu yaliwaka moto. Meneja alikuwa ameanza kusema kwamba basi, tangazo la nje litabandikwa, nami nikasikia mdomo wangu umeshatangulia. Nikaomba wiki mbili, zile zile Mwalimu alizobakiza. Nikishindwa tena, nikasema, nitabaki kwenye kisu mpaka meno yanidondoke, na ubeti wangu hautasikika tena ndani ya jengo hili.

“Kama ndivyo, hata sisi tutakuombea ushindwe,” alisema yule wa mashine ya rangi.

Meneja alimtazama Mwalimu, Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, na ikawa hivyo. Sasa haikuwa tena habari ya kiti tu. Nilikuwa nimeweka ulimi wangu rehani, na mtu anayetunga bila kughani ni kama kengele iliyojazwa pamba.

Mwalimu aliniambia niende kwake kila saa ya chakula anionyeshe. Nikamshukuru nikakataa. Nikamwambia mimi hujifundisha. Shangazi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kujalidi vitabu, akasikia.

“Kichwa hicho,” alisema, “siku moja kitakwama mlangoni, tuite seremala.”

Shangazi ni dada yake baba, na ndiye aliyenilea. Ndiye pia aliyeniombea kazi pale kiwandani. Miaka ishirini na saba ameshona vitabu kwa mkono, vile vinene ambavyo gundi peke yake haiviwezi. Shule aliacha darasa la tano, na Kiingereza chake chote kinatosha kwenye kikombe cha chai.

Wiki ya kwanza nilipigana peke yangu. Bahati ilikuwa upande wangu, au ndivyo nilivyodhani: mwezi ule tulikuwa tunachapa kitabu chenyewe cha sarufi ya Kiingereza, na pipa la karatasi zilizoharibika lilijaa sura ya virai na vishazi. Nikazikunja nikatia mfukoni. Nikakariri kama beti: kirai ni kundi la maneno lisilo na mtenda pamoja na kitendo chake, kishazi kinavyo vyote viwili, kishazi huru kinasimama, kishazi tegemezi kinategemea. Nilizijua kanuni mpaka nazisema nikipiga mswaki. Nikifungua mazoezi, nakosa. Jicho langu lilikuwa jicho la kisu, linapima urefu. “Rain fell,” mvua ilinyesha, maneno mawili tu, nikayaita kirai kwa sababu ni mafupi. Kundi refu linalojaza mstari mzima nikaliita kishazi kwa sababu ni refu. Nikasahihisha kwa majibu ya nyuma ya kitabu, nikakosa tena, nikaitupa kalamu ikaenda kulala chini ya mashine.

Siku ya nane, saa ya chakula, nilikwenda kukaa kwenye chumba cha kujalidi kwa hasira. Hapo hakuna kelele. Kuna meza ndefu, harufu ya gundi na nta, na mikunjo imepangwa kama matofali. Mkunjo ni karatasi moja kubwa iliyokunjwa ikawa kurasa kumi na sita. Shangazi huutoboa kwenye mgongo, hupitisha uzi, huufunga na mkunjo wa chini yake, mmoja baada ya mwingine mpaka kitabu kinakamilika. Alikuwa anashona huku mkate wake uko pembeni. Mimi nikaanza kulalamika, na kwa kuwa hajui Kiingereza nilimsomea yale mazoezi kwa Kiswahili, kipande kipande, ili aone ninavyoteswa.

“Nyuma ya mlango mwekundu wa duka la zamani la mikate karibu na daraja,” nilisema.

Sindano haikuinuka. Ilibaki imelala mapajani pake.

“Enhe?” alisema.

“Hicho ndicho chenyewe. Kimeishia hapo.”

“Kimeishia wapi? Umenipeleka mpaka darajani, sioni mtu, sioni kitu. Nimefuata nini huko?”

Nikageuza ukurasa. “Mvua ilinyesha.”

Akachoma, akavuta uzi mpaka mwisho, akaguna kama mtu aliyepewa habari, mkono ukaenda kwenye mkunjo mwingine. Nikasoma la tatu: “Kwa sababu mlango ulikuwa wazi.” Sindano ilichoma. Uzi ukatoka nusu. Kisha mkono wa Shangazi ukasita hewani, uzi umetanuka kati ya kitabu na vidole, macho yake yananisubiri.

“Mlango ulikuwa wazi, ndiyo,” alisema. “Ikawaje? Sema basi, mkono unachoka.”

Nikarudia zile tatu kwa maneno mengine, nikijifanya naongea tu. Sindano ikalala, sindano ikavuta, sindano ikasita. Nikatafuta nyingine tano. Haikukosea hata moja. Miaka ishirini na saba ameshona huku akisikiliza umbea wa chumba hicho, na mkono wake umezoea: hauinuki mpaka utajiwe mtu na alichofanya, na haumalizi mshono mpaka habari ikamilike.

“Shangazi,” nilimuuliza polepole, “mkunjo ambao haujashonwa utaujuaje?”

Alinitazama kama mtu anayeulizwa maji yana rangi gani. Akachukua karatasi moja ya picha iliyochomekwa katikati ya kitabu, akakishika kitabu kwa pembe, akakitingisha. Karatasi ikaanguka sakafuni.

“Hiyo ilikuwa nzuri, ina rangi, kubwa kuliko nyingine,” alisema. “Haina uzi. Hii hapa ina uzi wake na imefungwa, itakaa hata ukiitoa peke yake.” Kisha akanionyesha mkunjo aliokuwa anaushona, ncha ya uzi inaning’inia. “Na hii ina uzi, lakini ncha imeachwa. Bado inatafuta mwenzake. Ukiipeleka sokoni hivi, umemuuzia mtu balaa.”

Pale pale kitu kikafunguka kichwani mwangu kama dirisha lililokuwa limegandishwa kwa rangi. Urefu haukuwa na kazi. Nilikuwa nimepima karatasi, wakati nilitakiwa kutafuta uzi. Mtenda na kitendo chake ndio uzi. Wakiwapo wote wawili, kundi limeshonwa, hata likiwa maneno mawili. Wasipokuwapo, hata likijaza kurasa nzima, ukitingisha linadondoka. Na ile “kwa sababu” mbele ya kishazi, na “kama”, na wenzao, ni ncha inayoning’inia. Nilisimama kwenye kiti chake cha akiba nikaghani mishororo miwili iliyonijia nzima nzima:

Kirai hakina uzi, hata kikiwa kirefu,
Chenye uzi ni kishazi, hata pasipo urefu.

“Shuka,” alisema Shangazi, “kiti hicho kimefungwa kwa kamba.”

Kuanzia siku ile chakula cha mchana nilikila kwa mkono mmoja. Nilimsomea yeye, nikabashiri moyoni kabla mkono wake haujaamua, kisha nikaangalia. Siku ya kwanza alinishinda mara sita. Siku ya tatu mara moja, pale kikundi kirefu kilichojaa matendo kiliponighilibu: kutembea, kubeba, kutafuta, na hakuna mtu hata mmoja aliyeshikwa na tendo lake. Aliniambia hayo ni kama ahadi za mpangaji wetu wa zamani, shughuli nyingi na mwenyewe haonekani. Nikienda nyumbani nilisoma vibao vya madukani. “Viatu vya kila aina kwa bei nafuu”: nakitingisha, kinaanguka. “Tumefunga”: neno moja, na limeshonwa barabara. Nilicheka peke yangu njiani, watu wakanipisha.

Siku ya mtihani wa pili mashine zilizimwa kwa chakula, na hakuna aliyekwenda kula. Chumba cha vioo hakifichi kitu, na watu walikuwa wamebandika pua zao nje kama samaki. Ndani tulikuwa watatu, mimi, Meneja na Mwalimu. Nilipewa ukurasa mpya. Sikuhesabu silabi. Nilisoma kila kundi kimyakimya na kuisikia sindano. Nikaweka kalamu chini kabla chai ya Meneja haijapoa.

Mwalimu alisahihisha mara mbili. Alama ishirini kati ya ishirini.

Lakini hakutabasamu. Aliisukuma karatasi pembeni, akasema karatasi zilizoharibika za kitabu cha sarufi zimekuwa zikipotea kwenye pipa, na yeye anafahamu kuwa mimi nina kichwa cha kukariri. Hasira ilinipanda, kisha ikashuka, kwa sababu alichosema kuhusu pipa kilikuwa kweli. Nikamwambia anipe kitu ambacho hakijawahi kuchapwa popote.

Alifikiri kidogo, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa barua. Ilikuwa ya kwake, ya kuaga, kwa Kiingereza, na Meneja mwenyewe alikuwa hajaiona bado. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

“Maneno kumi na mawili haya. Kirai au kishazi?”

“Kirai.”

“Umejuaje? Na usinisomee kitabu.”

Ningeweza kumweleza. Nilikuwa na maelezo tele, tena mengine yana vina. Lakini niliwaona watu nje ya kioo, na nikamwona yule wa mashine ya rangi ameshaanza kutikisa kichwa, na nikataka jambo hilo lionekane kwa macho, lisibaki mdomoni mwangu.

“Naomba Shangazi aitwe,” nilisema. “Aje na kazi yake.”

Nje palizuka kicheko. Mtu akasema Malenga anamwita mlezi wake amfanyie mtihani. Meneja aliinua mkono, kicheko kikakatika. Shangazi akaingia na mkunjo chini ya kwapa, anapangusa gundi kwenye kanga, akamwamkia Mwalimu, akauliza kama kuna aliyefariki, maana ameacha kitabu nusu. Nikamwambia akae tu na ashone. Mwalimu nikamwambia aangalie mkono, asiangalie mimi. Kisha nikaisoma barua kwa Kiswahili.

“Baada ya miaka ishirini ya kusahihisha makosa ya watu wengine katika chumba hiki kidogo.”

Sindano ililala mapajani. Haikutikisika.

“Miaka ishirini, sawa,” alisema Shangazi. “Nani, na kafanyaje?”

“Nimechoka.”

Akachoma, akavuta uzi mpaka mwisho, taratibu. Kisha akainua uso. Hakuna aliyemwambia barua ni ya nani, lakini chumba kilikuwa hicho hicho, na kwa udogo kilikuwa kidogo kweli.

“Pole, Mwalimu,” alisema.

Mzee yule alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Alisogeza kidole mpaka mstari uliofuata, na safari hii hakuniuliza ni nini. Alisubiri mkono.

“Nikimpata mtu wa kumwachia kalamu yangu,” nilisoma.

Sindano ikachoma. Uzi ukatoka nusu, ukasita. Watu ishirini na wawili nje ya kioo waliukodolea macho uzi mmoja mweupe uliotanuka hewani, na hata yule wa mashine ya rangi mdomo ulikuwa wazi. Shangazi hakuinua kichwa.

“Ukimpata, halafu?” alisema. “Usiniache hapa na uzi mkononi.”

Nilifungua mdomo nimalizie, lakini Mwalimu alinitangulia. Hakuitazama barua.

“Nitakwenda nyumbani na furaha,” alisema.

Shangazi akauvuta uzi mpaka mwisho, akafunga fundo, akaukata kwa meno.

Mwalimu alisimama. Alikivuta kiti chake nyuma kwa mikono yote miwili, kama anavyovutiwa mgeni wa heshima, kisha akaichukua kalamu nyekundu mezani akaniwekea kiganjani na kukikunja kiganja changu juu yake. Vioo vya chumba vikaanza kutetemeka, na safari hii kisu kilikuwa kimezimwa: watu walikuwa wanavipiga kwa viganja. Mtu wa mashine ya rangi aliingia bila kubisha, akanibeba begani, akapaza sauti kwamba wiki mbili alizoomba nishindwe anazifuta zote. Wakanidai ubeti. Nikawapa ile mishororo miwili, nikiwa juu kule, kalamu nyekundu mkononi, kwa sauti yangu yote, na waliirudisha kwa pamoja mpaka ngazi zikasikia. Wakati ule ungenipa mashine zote za ukumbi nizivute kwa kamba, ningezivuta.

Nilipotua chini Meneja alinipa mkono. Akasema nianze Jumatatu. Kisha akaniuliza, kwa ile sauti yake ya chini, ni nani aliyenifundisha njia ile.

Jibu langu la siku zote lilikuwa tayari ulimini. Nimelitoa mara nyingi, na siku zote nimelitoa kifua mbele: nimejifundisha mwenyewe. Nikatazama mlangoni. Shangazi alikuwa ameshageuka na mkunjo wake, anapita katikati ya watu, ananung’unika kwamba saa ya chakula imekwisha na kitabu cha nusu hakinunuliwi. Nikamwita mbele ya wote. Aligeuka, sindano ameibana midomoni.

“Shangazi,” nilisema, “kuanzia leo, kokote nitakakosimama, nitasema wewe ndiye uliyenifundisha, tena nitasema kabla sijaulizwa.”